Fumanizi Jukwaani: Kutoka Hoteli ya Feydeau hadi Ua wa Lubumbashi

Mwaka 1894 Georges Feydeau na Maurice Desvallières walionyesha mjini Paris tamthilia yao L'Hôtel du libre échange, ramsa ambayo ni vigumu kupata inayoipita katika mada ya fumanizi. Pinglet, mkandarasi wa ujenzi, anampeleka mke wa rafiki yake katika hoteli yenye sifa mbaya. Mume wa bibi huyo naye yumo humo humo, akiwa mtaalamu aliyeombwa kuchunguza kama vyumba vina mizuka. Katika sehemu ya pili jukwaa lenyewe limegawanywa: chumba huku, chumba kule, na ngazi katikati. Watazamaji wanaona pande zote, wahusika hawaoni. Ramsa ya namna hii hutegemea milango, na kila hatua ya mwigizaji imeandikwa.

Ramsa za wanandoa zilizoigizwa kwa Kiswahili nchini Kongo zilikulia penye faragha ndogo zaidi. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilianza kuwaweka wachimbaji wa Katanga kambini pamoja na wake zao, nyumba ikitazamana na nyumba. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lenye chimbuko katika miaka ya 1950, liliutoa ugomvi wa mume na mke nje, mbele ya jamaa na majirani. Hapo mwongo hunaswa na kauli yake mwenyewe. Waigizaji hawakukariri maandishi. Walikubaliana juu ya kisa na mfuatano wake, kisha wakabuni mazungumzo papo hapo kwa Kiswahili cha mjini, Kifaransa kikipenya humo. (Feydeau naye hakupuuza ulimi: wakili wake Mathieu hushikwa na kigugumizi kila mvua inyeshapo.)

Walter Schicho alilichunguza kundi hilo katika kazi iliyotoka mwaka 1981. Johannes Fabian naye alichapisha mwaka 1990 kitabu juu ya mchezo wao wa mwaka 1986, Le pouvoir se mange entier. Wahakiki wa Kiswahili, waliozoea tamthilia iliyopigwa chapa kwa lugha sanifu, walichelewa mno. Maneno ya Pinglet yaweza kusemwa tena kesho jinsi yalivyoandikwa. Ya Lubumbashi yamesalia pale tu palipokuwa na kinasa sauti. Huko Bunia, ambako Kiswahili cha mitaani kina viambishi na msamiati wake, kurekodi michezo ya aina hii ni kazi ya mwanafunzi wa isimu kabla ya kuwa ya mhakiki.