Hasheem Thabeet na Mzigo wa Namba Mbili

Dar es Salaam ilikuwa katika usiku wa manane wakati jina la kijana wake liliposomwa New York. Huko ilikuwa bado jioni ya tarehe 25 Juni 2009, siku ambayo timu za NBA zilikuwa zinachagua wachezaji wapya, na kamishna David Stern akatangaza kwamba Memphis Grizzlies, wenye haki ya kuchagua wa pili, wamemchukua Hasheem Thabeet wa Chuo Kikuu cha Connecticut. Aliyemtangulia alikuwa mmoja tu, Blake Griffin, aliyekwenda Los Angeles Clippers. Nyuma yake wakaitwa James Harden, Tyreke Evans, Ricky Rubio, Jonny Flynn, kisha wa saba Stephen Curry.

Orodha hiyo haijamwacha Thabeet mpaka leo. Waandishi wa Marekani wakihesabu timu zilizokosea kuchagua, jina lake halikosekani, na sababu wanayoitoa ni moja: Memphis wangeweza kumpata Harden au Curry. Hapa nyumbani tunamsema kwa namna nyingine, kwamba alipata bahati akaichezea. Naziona hukumu zote mbili zinaanza kuhesabu mahali pasipofaa. Zinaanza usiku ule wa Juni, na kuyasahau yaliyotangulia. Zinasahau pia kwamba mpira wa kikapu wenyewe ulikuwa mbioni kubadilika.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Baba yake alifariki yeye akiwa bado kijana mdogo. Alisoma Makongo, sekondari ya jeshi iliyojipatia jina nchini kwa kulea wanamichezo, na mpira wa kikapu aliuanza akiwa na umri wa miaka kama 15, baada ya urefu kumzidi kila mtu aliyekuwa karibu naye. Umri huo ni mkubwa kuuanzia mchezo huu. Mtoto wa Marekani anayelenga NBA huwa ameshika mpira tangu darasa la kwanza, na akifika miaka 15 mikono yake inajua mambo ambayo kichwa hakihitaji tena kuyafikiria: kupokea pasi kali akiwa amegeuka nusu, kuusoma mguu wa mpinzani, kujua pengo litatokea wapi. Hayo hayaji kwa urefu, hata uwe futi 7 na inchi 3.

Alivuka bahari akiwa kijana, akamalizia sekondari Cypress, nje kidogo ya Houston, Texas, na mwaka 2006 akaingia Connecticut. Chuo hicho kipo katika mji mdogo wa Storrs, wenye baridi kali, na wakati huo timu yake ilikuwa chini ya kocha Jim Calhoun, aliyekuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa vyuo mara mbili, 1999 na 2004. Calhoun alijua kuwatengeneza warefu. Emeka Okafor, nyota wa timu ya 2004, alikuwa ametoka mikononi mwake akiwa na rekodi ya chuo ya mitupo 441 iliyozuiwa.

Miaka mitatu ya Thabeet pale Storrs ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo Watanzania wengi hawakuishuhudia. Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 6.2. Wa pili 10.5. Wa tatu 13.6, na ribaundi 10.8 kwa mechi. Katika misimu yote mitatu alizuia mitupo 417, wa pili katika historia ya chuo nyuma ya Okafor. Mwishoni mwa Januari 2009, dhidi ya Providence, alimaliza mechi moja na pointi 15, ribaundi 11 na mitupo 10 aliyoizuia, jambo ambalo hata wachezaji wakubwa wengi hawalifikii maisha yao yote. Mara mbili mfululizo alitajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East, iliyokuwa miongoni mwa ligi ngumu kuliko zote za vyuo, na mwaka 2009 makocha wa nchi nzima wakamchagua mlinzi bora wa mwaka. Connecticut ilishinda mechi 31 msimu huo na kufika nne bora huko Detroit, ikatolewa na Michigan State. Tusisahau kwamba miaka saba tu kabla ya hapo kijana huyu alikuwa hajaanza kucheza.

Dalili ya yaliyokuwa yanakuja ilionekana siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 16 Februari 2009, Connecticut walipopambana na Pittsburgh. DeJuan Blair, aliyekuwa mfupi kwake kwa zaidi ya nusu futi lakini mpana na mwenye kifua cha mnyanyua vyuma, alimsukuma, akamzungusha, na kuna wakati alimwangusha chini kabisa. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23; Thabeet akapata pointi 5 na ribaundi 4. Mwisho wa msimu wawili hao walitunukiwa pamoja uchezaji bora wa Big East, na miezi minne baadaye Blair akachaguliwa wa 37. Memphis walikuwa wameliona lile la Pittsburgh. Wakachagua urefu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona ndilo kiini, na ambalo husemwa kwa nadra. Katika mpira wa vyuo vya Marekani mlinzi mrefu anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu muda wote anaotaka. Calhoun alimweka Thabeet pale, naye akaufunga uwanja wote: wapinzani walikatiza safari njiani, wakatupa kutoka mbali, wakatupa vibaya. Katika NBA hilo halikubaliki. Tangu msimu wa 2001-02 kuna kanuni inayomkataza mlinzi kukaa katika eneo lile zaidi ya sekunde 3 kama hayuko karibu na mpinzani anayemlinda. Kwa hiyo kazi ambayo Thabeet aliijua kuliko mtu yeyote wa rika lake aliikuta imewekewa saa. Ilimlazimu aingie na kutoka, amfuate mtu hadi mbali na kikapu, arudi mbio, na miguu ya futi 7 na inchi 3 haigeuki upesi hivyo. Faulo zikaja.

Kisha mchezo wenyewe ukahama. Katika miaka iliyofuata timu zilianza kutegemea mitupo ya pointi 3 kuliko wakati wowote uliopita, zikawavuta warefu nje ya ngome yao. Kinara wa mabadiliko hayo alikuwa yule aliyeitwa wa saba usiku ule, Stephen Curry. Wanaomlinganisha Thabeet na Curry hawasemi kwamba mmoja ndiye aliyefanya aina ya mchezaji kama mwenzake ihitajike kidogo.

Pale Memphis hakukuta nafasi. Marc Gasol wa Uhispania alikuwa tayari anacheza namba yake, na katika kiangazi kile kile timu ikamleta Zach Randolph. Wawili hao wakawa nguzo za Memphis kwa miaka mingi. Thabeet alipewa dakika kama 13 kwa mechi, na Februari 2010 akapelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo iliyokuwa Bismarck, North Dakota. Hadi siku hiyo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu namna hiyo ambaye alikuwa ameshushwa kwenye ligi ile, na habari hiyo ikaandikwa kama fedheha. Wakati huohuo, namba moja, Blake Griffin, alikuwa ameumia goti na hakucheza hata mechi moja ya msimu ule. Yeye alisubiriwa. Mwaka uliofuata akawa mchezaji chipukizi bora wa ligi.

Sidai kwamba Thabeet angekuwa Griffin. Mikono yake ilipoteza pasi, mashambulizi yake yalikuwa machache, na hata katika miaka yake mizuri hakuwa na mtupo wa kutegemewa. Ninachosema ni kwamba aliyeanza akiwa na miaka 15 anahitaji muda kuliko wote, na yeye alipewa mdogo kuliko wote. Joel Embiid wa Kamerun naye alianza akiwa na umri huo huo. Alichaguliwa wa tatu mwaka 2014, akakaa nje misimu miwili mizima kwa majeraha, na Philadelphia wakamvumilia hadi mwaka 2023 alipotwaa tuzo ya mchezaji bora wa NBA. Kipaji chake ni kikubwa kuliko cha Thabeet, hilo halina ubishi. Lakini hata kipaji kile kilihitaji kungojwa.

Februari 2011 Memphis walimpeleka Houston Rockets katika biashara iliyomrudisha Shane Battier, na miezi miwili baadaye, katika mechi za mtoano, Memphis wakiwa wa nane waliwatoa San Antonio waliokuwa wa kwanza. Houston hawakumchezesha ila mara chache mno. Machi 2012 wakampeleka Portland pamoja na Jonny Flynn, yule aliyeitwa wa sita.

Oklahoma City ndiko alikotulia. Msimu wa 2012-13, katika timu ya Kevin Durant na Russell Westbrook, alicheza mechi 66, dakika kama 12 kila moja, akitokea benchi kulinda kikapu wakati wenzake wakipumzika. Hakuna aliyemtaka awe nyota pale, na kazi aliyopewa aliiweza. Baada ya msimu mmoja zaidi aliuzwa Philadelphia, waliomwacha mara moja. Detroit wakamchukua, nao wakamwacha kabla ligi haijaanza. Alikuwa na miaka 27 na mechi 224 za NBA.

Hakuacha mpira. Alicheza Michigan katika ligi ndogo ya NBA, akaenda Yokohama, Japani, na mwaka 2020 akarudi tena ligi ndogo na Fort Wayne Mad Ants wa Indiana. Mwishoni mwa mwaka huo huo, akiwa na miaka 33, alisajiliwa na Hsinchu JKO Lioneers katika ligi mpya ya Taiwan, P. League+, na huko akaanza msimu akiwa mchezaji wa kutegemewa. Flynn, mwenzake wa safari ya Portland, hakucheza tena NBA baada ya msimu ule wa 2012.