Kijiwe Kabla ya Mtandao: Historia ya Kucheza Gemu Pamoja Dodoma

Makundi ya wacheza gemu za mtandaoni Dodoma na katika miji mingine ya uwanda wa kati, kama Singida, Manyoni na Kongwa, ni ya juzi tu, lakini desturi zinazoyaendesha ni za zamani kuliko intaneti. Kikosi cha watu wanne kinachopambana usiku kwenye simu, kila mmoja akiwa chumbani kwake, mara nyingi ni watu waliokwishajuana: walisoma pamoja, walipanga nyumba moja, au waliwahi kugombea pedi moja ya PlayStation mtaani. Hapo ndipo historia ya Dodoma inapoachana na ile ya Ulaya na Marekani, ambako gemu za mtandaoni zilisifika kwa kuwakutanisha watu wasiojuana kabisa.

Mji wenyewe umejengwa na wanaokuja. Reli ya Kati ilifika karibu mwaka 1910 katika nchi ya Wagogo, ikaleta mafundi, makarani na wafanyabiashara kutoka pwani, Unyamwezi na India. Mtaa wa Uhindini bado una jina lililotokana na wafanyabiashara hao. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie hapo. Uhamisho ulisuasua kwa zaidi ya miaka arobaini, hadi Rais John Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba serikali inahama kweli, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi takriban 411,000. Ile ya 2022 ikapata takriban 765,000. Wengi miongoni mwao walifika bila ukoo mjini, wakiwa na barua ya uhamisho au ya kujiunga na chuo.

Katika mji wa namna hiyo, mgeni mwanamume alijulikana kijiweni. Chini ya mti, kwenye baraza la duka au karibu na stendi palikuwa na bao, karata au drafti iliyochorwa kwenye ubao na kuchezwa kwa vifuniko vya soda. Wachezaji walikuwa wawili, lakini shughuli ilikuwa ya kumi. Watazamaji walishauri, walipinga, walimcheka aliyezidiwa, na kila mmoja alijua zamu yake, kwa sababu kanuni ilikuwa moja: aliyefungwa anampisha mwenzake. Mtu aliweza kukaa hapo mwezi mzima akiitwa kwa jina la kabila lake au la kazi yake tu, akitaniwa na kutania, kabla ya yeyote kujua jina lake kamili. Mchezo haukudharauliwa na wakubwa pia. Julius Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kupenda bao.

Wakati vijiwe hivyo vinastawi, nchi nyingine zilikuwa zimeanza kucheza kupitia waya. Katika miaka ya 1970 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois walikuwa wakishindana kwenye mfumo wa kompyuta ulioitwa PLATO. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, alianza kuandika MUD, ulimwengu wa maneno matupu ambamo watu wengi waliingia kwa wakati mmoja. Mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Bartle aliandika baadaye, mwaka 1996, kwamba wachezaji wako wa aina nne: wanaotafuta mafanikio, wanaochunguza, wanaoingia ili waongee na wenzao, na wanaofurahia kuwaua wengine. Aina ya tatu mtu yeyote aliyewahi kukaa kijiweni asingeiona ngeni. Ultima Online ya 1997, EverQuest ya 1999 na World of Warcraft ya 2004 ziliufanya ulimwengu wa namna hiyo kuwa biashara ya mamilioni ya watu, zikiwa na vyama vyenye viongozi, hazina na ugomvi wa kugawana nyara.

Tanzania haikuwa na nafasi katika hatua hizo za mwanzo, na sababu haikuwa umaskini peke yake. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na seti za televisheni. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na kabla ya hapo jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta lilikuwa limekwenda mrama. Marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua, ikatoweka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Kizazi kilichojifunza kompyuta nyumbani, ambacho kwingine ndicho kilichozieneza gemu za mtandaoni, hapa hakikuwapo.

Kilichokuja badala yake ni skrini ya kulipia. Kwanza vikaja vibanda umiza, vyumba vya mabati na mabenchi ambamo watu walitazama mpira na filamu za kutafsiriwa. Mashine za PlayStation zilipoanza kupatikana kwa bei ya mitumba, hasa PlayStation 2 iliyotoka Japani mwaka 2000 na kuuzwa duniani zaidi ya nakala milioni 150, vikazaliwa vibanda vya gemu. Vilitapakaa katika mitaa ya watu wengi ya Tanzania nzima, na Dodoma haikuachwa nyuma. Mahitaji yalikuwa machache: runinga moja au mbili, umeme, pedi mbili kwa kila mashine, na diski ya mpira wa miguu, mara nyingi Winning Eleven au FIFA, ambayo kwa kawaida ilikuwa nakala isiyo halali.

Kibanda cha gemu kilichukua sheria za kijiwe karibu zote. Malipo yalikuwa kwa mechi au kwa muda, shilingi mia chache, na aliyefungwa aliachia pedi. Mara nyingi ndiye pia aliyelipa. Mwenye fedha kidogo alilazimika kuwa hodari, kwa kuwa ushindi ulimwezesha kucheza saa nzima kwa mia mbili za kwanza. Mtoto asiye na kitu alikaa kwenye benchi akitazama, akajifunza vidole vya wakubwa, na siku moja akaitwa ajaze nafasi ya aliyekwenda kula. Mwenye kibanda alikuwa mwamuzi, mkopeshaji na mlezi kwa wakati mmoja. Yeye ndiye aliyeamua kama umeme ukikatika mechi irudiwe au matokeo yabaki, na ndiye aliyefuatwa na wazazi waliokuja kutafuta watoto waliotoroka shule. Sifa mbaya ya vibanda hivyo ilitokana na utoro huo, na pia na tabia ya kuwekeana dau, iliyowafanya wengi wavichanganye na mashine za kamari. Shutuma zilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini kwa kijana aliyehamia mtaa mpya hapakuwa na njia ya haraka zaidi ya kupata marafiki, na makocha wa timu za mchangani walijua pa kuwapata wachezaji wao jioni.

Wasichana walikuwa wachache sana kwenye mabenchi hayo. Kibanda kilihesabiwa kuwa mahali pa wavulana, na msichana aliyeonekana humo alisemwa. Ni pengo ambalo historia za michezo hii hulipita haraka, ingawa liliamua nani angekuwa na marafiki wa kucheza nao zama za simu zilipofika.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 kikianzia katika jengo la Chimwaga, kilibadilisha mambo kwa njia nyingine. Ghafla mji ulipata maelfu ya vijana kutoka kila mkoa, wengi wao wakiwa na kompyuta ya mkononi au simu nzuri, wakilala katika mabweni yaliyo mbali na katikati ya mji. Hapo watu waliweza kucheza pamoja bila kutazama skrini moja. Gemu kama Mini Militia ziliunganisha simu kadhaa kwa Wi-Fi iliyorushwa na simu mojawapo, bila kutumia hata MB moja ya intaneti. Wengine waliweka kwenye simu programu ya PPSSPP, iliyotolewa mwaka 2012, inayoendesha gemu za mashine ndogo ya PSP, na vijana wa Kitanzania wakazitengeneza upya gemu za mpira kwa kuzivisha jezi za Simba na Yanga. Adui alikuwa chumba cha pili, na kelele zake zilisikika ukutani.

Intaneti ya kasi ilitegemea nyaya. Mkongo wa Seacom ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kupeleka huduma hiyo mikoani, Dodoma ikiwemo. Hata hivyo umbali haufutiki. Mwanga ndani ya waya husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Seva ikiwa Ulaya, njia ya kupitia Bahari ya Shamu inazidi kilomita 8,000, hivyo amri ya kidole kimoja hutumia si chini ya milisekunde 80 kwenda na kurudi, kabla ya kuhesabu ucheleweshaji wa minara na vituo vya kati. Katika gemu za kurushiana risasi muda huo unatosha kumfanya mchezaji wa Dodoma afe kabla hajamwona aliyemuua. Wachezaji hawaitumii hesabu hiyo; wao husema mtandao unaganda.

Garena ilitoa Free Fire mwaka 2017, na PUBG Mobile ikaenea duniani mwaka 2018. Zote mbili hutolewa bure na hukubali kikosi cha watu wanne, nayo Free Fire iliundwa iweze kufanya kazi kwenye simu za bei ndogo. Kikosi kilihitaji mahali pa kupanga mambo, na hapo kundi la WhatsApp likachukua kazi ya benchi. Humo huulizwa nani yuko hewani, nani ana bando, nani alikimbia jana. Kuondoka katikati ya mechi ni kosa kubwa, lakini kuishiwa bando husamehewa, na mwenye nacho huweza kumtumia mwenzake. Akaunti huazimwa, huuzwa na huibwa, na ugomvi mkali zaidi hutokea hapo, kwa kuwa akaunti yenye mavazi adimu imegharimu fedha halisi. Bei ya vifurushi huamua saa za kucheza kuliko kitu kingine. Gharama mpya zilipoanza tarehe 2 Aprili 2021, malalamiko ya umma yalikuwa makubwa kiasi kwamba serikali ilizisitisha siku hiyohiyo.

Wasiojuana hukutana pia. Mchezaji akipangiwa wenzake na mashine, Kiswahili kinachosikika kwenye spika hutambulisha Mkenya au Mkongomani kwa matamshi tu, na salamu ya "mwanangu" hujibiwa kwa Kiswahili cha Nairobi au Goma. Mahusiano hayo kwa kawaida huishia kwenye mechi chache. Yanayodumu ni yale ya wenye historia moja: waliomaliza chuo na kutawanyika, au watumishi waliohamishwa kutoka Dar es Salaam wakaacha marafiki huko. Kwao kikosi cha usiku ni namna ya kubaki pamoja, na mazungumzo huhusu kazi, misiba na michango ya harusi kuliko mchezo wenyewe. Kwa wanawake simu imeondoa macho ya benchi, ingawa sauti ya kike kwenye kikosi cha wageni bado huvuta matusi, na wengi huchagua kuzima maikrofoni.

Udhaifu wa kutegemea mtandao ulionekana Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika kwa pamoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Vikosi vilikosa mahali pa kukutana, ilhali mechi za kibandani hazikuhitaji mkongo wowote.

Vibanda navyo viko nje ya mtandao kwa sababu ya biashara zaidi kuliko ya ufundi. Tangu PlayStation 4 ya mwaka 2013, kucheza gemu nyingi mtandaoni kwenye mashine hiyo kunataka usajili wa kulipia, na duka la Sony halitambui Tanzania miongoni mwa nchi linazohudumia. Mwezi huohuo wa Mei 2024, Helldivers 2, gemu ya Sony, iliondolewa katika soko la kompyuta kwenye nchi zaidi ya 170 zisizohudumiwa na duka hilo. Anayetaka kujiunga hufungua akaunti kama mkazi wa Afrika Kusini au Uingereza na kununua kadi ya malipo kwa watu wa kati. Mwenye kibanda hana haja ya usumbufu huo, kwa kuwa wateja wake hulipia kumfunga mtu aliyeketi pembeni yao.