Uso wa Kimangbetu kwenye jalada la Harlem

Mei 2027 itatimia miaka 100 tangu kichwa cha mwanamke wa Kimangbetu, kilichorefushwa kwa desturi ya lipombo, kitokee kwenye jalada la Opportunity, jarida la Wamarekani weusi lililochapwa New York. Aliyekichora ni Aaron Douglas, mzaliwa wa Topeka, Kansas. Wamangbetu ni jirani zetu hapa kaskazini-mashariki mwa Kongo. Hadi 2015 Haut-Uele kwao na Ituri kwetu zilikuwa ndani ya Jimbo moja la Mashariki. Sisi wa Mbunya, hapa Bunia, tuna haki ya kulikumbuka jalada hilo.

Msafiri Schweinfurth alifika kwa Munza, mfalme wa Wamangbetu, mwaka 1870. Kati ya 1909 na 1915 watafiti Lang na Chapin walikusanya maelfu ya vitu kwa ajili ya makumbusho ya New York. Kisha ukapita msafara wa magari ya Citroën, na filamu yake ya 1926 ikazieneza sura za Wamangbetu duniani. Enid Schildkrout na Curtis Keim, katika kitabu chao cha 1990, wanasisitiza kuwa mafundi wa huku hawakukaa tu wakitazamwa: wageni walipopenda vyungu na vinubi vyenye vichwa vya watu, wao walizidi kuvitengeneza.

Huko Harlem, mtaa wa weusi wa New York, swali la kama Wamarekani weusi wana sanaa yao wenyewe lilizua ugomvi hata kabla ya jalada lile. Juni 1926, katika jarida la The Nation, mwandishi George Schuyler alidai kwamba sanaa ya Wamarekani weusi kama kitu cha pekee haipo. Mweusi wa Marekani, alisema, amelelewa na nchi ileile iliyomlea mzungu. Wiki iliyofuata, kwenye jarida hilohilo, mshairi Langston Hughes akamjibu. Alisema kinachomzuia msanii mweusi ni ile hamu ya kufanana na mzungu, na kati ya waliokwisha kuivuka akamtaja Douglas kwa jina. Schuyler hakukosa hoja, maana Douglas alikuwa bado hajakanyaga Afrika. Lakini Hughes ndiye aliyeona mbali. Oktoba hiyo mashairi yake yalitoka katika Opportunity pamoja na michoro ya Douglas, na mwaka 1927 Douglas akakipamba God's Trombones, kitabu cha mashairi cha James Weldon Johnson: watu weusi tii kama vivuli, miduara ya mwanga, macho membamba ya vinyago vya Wadan wa Afrika Magharibi.

Douglas alifariki mwaka 1979. Vitu alivyobeba Lang vingali New York, na vingine vingi vya Wamangbetu viko Tervuren, Ubelgiji. Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa Kinshasa mwaka 2019 yako zaidi ya kilomita 1,700 kutoka hapa. Inaniuma kwamba mtoto wa Rungu, huko kwa Wamangbetu, anahitaji pasipoti na viza ili aone kinubi cha babu zake. Walimu wa fasihi na wa uchoraji wa Bunia, Isiro na Mambasa wanaweza kuanza na nakala ya jalada lile. Wakiliweka ubaoni Mei hiyo, pembeni waweke shairi la Hughes lililotafsiriwa na wanafunzi wenyewe.