Mbao Mpya, Daraja Lilelile

Wengi wakiona daraja lenye paa hudhani ni la kumkinga msafiri na mvua. Kumbe paa ni la kulinda mbao zenyewe. Mihimili ikinyeshewa mwaka baada ya mwaka huoza. Ikifunikwa, inaweza kudumu zaidi ya karne moja.

Chukua daraja la Blenheim, eneo la mashambani katika Kaunti ya Schoharie, jimbo la New York. Fundi Nicholas Powers alilijenga mwaka 1855. Lilivuka mto wa Schoharie kwa upana wa takriban mita 64, bila nguzo hata moja majini. Kwa mbao, jamani! Wakulima walipita humo na mikokoteni yao ya farasi, na miaka ya mwanzo walilipa ushuru.

Miaka ya 1930 daraja la chuma likajengwa kando yake. Lile la mbao lingebomolewa tu, hadithi iishe. Lakini kaunti iliamua libaki, na mwaka 1964 serikali ya Marekani ikalitambua kama kumbukumbu ya kitaifa.

Halafu ikaja dhoruba ya Irene. Tarehe 28 Agosti 2011 mto ulifura ukalizoa daraja lote. Paa lilikuwa limezuia maji ya juu kwa miaka 156. Haya yalitoka chini. Mafuriko hayohayo yaliharibu nyumba na mashamba ya bonde zima.

Wenyeji wakasema wanataka daraja lao lirudi. Swali gumu hapo: watu wamepoteza makao, kweli pesa ziende kwa daraja ambalo hata magari hayapiti? Mwanzoni serikali kuu ilikataa kulipia. Kaunti ikakata rufaa, ikashinda. Mwaka 2018 daraja jipya lilifunguliwa palepale, safari hii likiwa juu zaidi ya maji.

Ile hadhi ya kitaifa ilishafutwa, maana mbao za Powers zilienda na mto. Naelewa hoja hiyo, lakini siikubali. Daraja la mbao huishi kwa kukarabatiwa: leo ubao huu, kesho ule. Bila watu wa Blenheim kulitunza, lingeoza kitambo kabla ya Irene kufika. Mto ulichukua mbao. Watu waliolihifadhi tangu miaka ya 1930 walikuwa na warithi, na hao ndio waliolirudisha.