Kupanda milima kwa baiskeli ya kuegemea

Baiskeli ya kuegemea ni chombo cha pedeli ambacho mwendeshaji wake hukaa kwenye kiti chenye mgongo, ameegemea nyuma, miguu ikitangulia mbele. Ziko za magurudumu mawili na ziko za matatu. Kwenye tambarare huenda kasi, kwa kuwa mwili uliolala haukabili upepo mwingi. Kwenye mwinuko mkali faida hiyo hutoweka, na ndiyo maana wengi huamini kwamba chombo hiki hakipandi mlima. Imani hiyo ni kweli nusu tu.

Mbio zake zilithibitika mapema. Tarehe 7 Julai 1933, jijini Paris, Francis Faure, ambaye hakuhesabiwa miongoni mwa mabingwa, alikwenda kilomita 45.055 kwa saa moja akiwa juu ya Vélocar, kazi ya fundi Charles Mochet. Aliivunja rekodi ya Oscar Egg, kilomita 44.247, iliyokuwa imesimama tangu 1914. Mwaka 1934 shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, UCI, liliweka masharti ya umbo la baiskeli ya mashindano yaliyoifungia nje ya Mochet. Ushindi wa Faure ulikuwa wa uwanjani, pasipo na mpando. Baada ya marufuku hiyo, wapanda milima mahiri wa mashindano makubwa walibaki kwenye baiskeli za kawaida, kwa hiyo kuwalinganisha na watalii walioegemea vitini si haki.

Mlimani adui si upepo, ni uzito. Chukua mwendeshaji wa kilo 70 anayetoa nguvu ya wati 150 kwenye mwinuko wa asilimia 10. Akiwa na baiskeli ya kawaida ya kilo 10 atapanda kwa takriban kilomita 6.6 kwa saa. Akiwa na ya kuegemea ya magurudumu matatu yenye kilo 18, takriban kilomita 5.9. Mlima wa kilomita tatu utamchelewesha kwa dakika tatu hivi. Upepo anaoukata kwa mwendo huo ni mdogo mno hata umbo la chombo halimsaidii kitu.

Lipo pia suala la mwili. Kwenye baiskeli ya kawaida mtu husimama juu ya pedeli, akazitwika uzito wake wote na kuvuta usukani kwa mikono. Aliyeegemea hana nafasi hiyo. Badala yake ana mgongo wa kiti wa kusukumia, na hapo ndipo penye mtego: miguu inaweza kukandamiza pedeli kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili, na magoti ndiyo yanayolipa. Anayetoka kwenye baiskeli ya kawaida huhitaji pia majuma kadhaa kabla misuli haijazoea mkao mpya.

Dawa ni gia nyepesi, na hapa ndipo wauzaji wengi hukosea kwa kufunga gia za mbio kwenye chombo kizito. Gia ya mbele ya meno 30 ikivuta ya nyuma ya meno 34, gurudumu dogo lenye mzingo wa mita 1.5 husogea mita 1.3 kwa kila mzunguko wa pedeli. Kwa mizunguko 70 kwa dakika, huo ni mwendo wa kilomita 5.6 kwa saa. Ukiweka ya mbele ya meno 22, mwendo hushuka hadi kilomita 4 hivi bila miguu kupunguza mzunguko. Karibu mlima wowote wa lami hupandika kwa gia hiyo, mradi mtu asione haya kupitwa na waenda kwa miguu.

Mwendo huo ni salama kwa magurudumu matatu, ambayo hayahitaji kusawazishwa; mwendeshaji akichoka hufunga breki, akapumzika palepale kitini, kisha akaendelea. Kwa magurudumu mawili hali ni nyingine. Methali ya mwenda pole hajikwai haimhusu huyu: anapokwenda pole ndipo usukani unapoyumba, na kuondoka upya katikati ya mpando ni kazi ngumu kuliko mpando wenyewe. Wenye matatu nao wana shida yao. Magurudumu mawili yakiwa mbele, uzito mwingi huelemea huko, na la nyuma linalovuta huweza kuzunguka bure kwenye changarawe. Mguu ukiteleza kwenye pedeli na kugusa ardhi unaweza kuvutwa chini ya fremu, ndiyo sababu viatu hunaswa kwenye pedeli.

Mota ya umeme imepunguza mjadala huu kwa wengi. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli yenye mota isiyozidi wati 250, inayosaidia anayekanyaga hadi kilomita 25 kwa saa, huhesabiwa kuwa baiskeli tu. Kwa mwendeshaji wetu wa wati 150, msaada wa kiasi hicho ni zaidi ya miguu yake mwenyewe, na kilo nane za ziada hazina uzito tena katika hesabu.