Kidonge cha Rangi ya Karoti

Huku Gatuanyaga vitamini A tunaijua kwa rangi. Mtoto wa miezi sita anapewa kliniki matone ya kibonge cha buluu, akifikisha mwaka anahamia kile chekundu, halafu kila miezi sita mpaka atimize miaka mitano. Tangu 2012 sheria inataka hata mafuta ya kupikia na unga wa pakiti viongezwe vitamini hiyo hiyo. Hapo sina ubishi, maana inalinda macho ya watoto. Ubishi wangu ni na wale wanaopanda matatu pale Thika na mikebe yao ya vidonge, eti damu ikipungukiwa vitamini A, kansa inapata njia. Na wao hawakuyaota haya. Yalianza kwa wanasayansi.

Mwaka 1980 Nicholas Wald na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet habari za wanaume kama 16,000 waliokwenda kupimwa afya London. Damu yao iliwekwa akiba, watafiti wakangoja. Waliopata saratani baadaye walikutwa na vitamini A kidogo kuliko wenzao waliobaki wazima. Mwaka uliofuata Richard Peto, Richard Doll na wengine wakauliza katika jarida la Nature kama beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ingeweza kupunguza saratani. Waliuliza tu. Walitaka majaribio yafanywe kwanza.

Shida ni kwamba damu si ghala. Ghala ni ini, na ini hutoa vitamini A kwa kipimo, kwa hivyo kiwango cha damu hakikuambii akiba iliyobaki mpaka inapokaribia kuisha. Tena ugonjwa wenyewe hukishusha. Wald na wenzake walipoirudia kazi yao mwaka 1986, waliona upungufu ulikuwa hasa kwa wale waliogunduliwa na saratani muda mfupi baada ya kutolewa damu. Kumbe uvimbe ulikuwa tayari ndani!

Lakini majaribio yalishaanza. Finland waliandikisha wanaume 29,133, wote wavuta sigara. Matokeo yalipotoka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Marekani, jaribio la CARET liliwapa beta-karotini pamoja na vitamini A yenyewe watu waliovuta sigara na wengine waliofanya kazi penye vumbi la asbesto. Januari 1996 lilikatizwa, miezi 21 kabla ya wakati. Saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28. Mimi huwafikiria sana watu hawa. Walijitolea wakitumaini kukingwa.

Huku kwetu, kisa kinachofanana zaidi na hicho kilihusu Ukimwi. Mwaka 1994 utafiti wa Malawi ulionyesha kwamba akina mama wenye virusi na vitamini A kidogo kwenye damu ndio waliowaambukiza watoto zaidi. Ilionekana dawa rahisi imepatikana, wakati ambapo ARV hazikushikika kwa bei. Dar es Salaam, watafiti wa Muhimbili na Harvard waliwaandikisha wajawazito 1,078 kati ya 1995 na 1997. Vitamini za B, C na E ziliwasaidia: mimba chache ziliharibika, na watoto wachache walizaliwa na uzito mdogo. Vitamini A ikafanya kinyume. Kufikia miaka miwili, karibu theluthi ya watoto ambao mama zao walipewa vitamini A walikuwa wameambukizwa. Kwa mama ambao hawakuipewa, ilikuwa kama robo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri isitolewe kwa ajili hiyo.

Managu, terere, karoti na maembe hayamo kwenye kesi hii. Beta-karotini ya sahani huja kidogo kidogo, na pamoja na mengine mengi. Kesi ni ya dozi kubwa ya kidonge, hasa ndani ya kifua cha mvutaji. Juzi nilimwuliza muuzaji mmoja kama huwa anawauliza wateja wake wanavuta sigara. Alicheka, akaniambia hiyo ni siri ya mtu, kisha akamgeukia mzee wa kiti cha nyuma.