Picha na Kiungo: Safari ya Duka la Mtandaoni Tangu 1993

Juma lililopita rafiki yangu anayeshona viatu vya ngozi aliniuliza swali ambalo sisi watengenezaji programu huulizwa kila tukikaa kwenye harusi au matanga: "Wewe unayejua mambo ya kompyuta, kati ya Instagram na Pinterest, niweke picha wapi ndio niuze?" Nilitaka kumjibu kwa sentensi mbili nikashindwa. Jibu lake lina historia ndefu, na historia hiyo ilianza kabla mitandao ya kijamii haijazaliwa. Ilianza na lebo moja tu ya HTML.

Tarehe 25 Februari 1993, kijana wa miaka 21 aitwaye Marc Andreessen, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois aliyekuwa akitengeneza kivinjari cha Mosaic pale NCSA, aliwaandikia wenzake akipendekeza lebo mpya: IMG. Wakati huo kurasa za wavuti zilikuwa maandishi matupu, na ukitaka kuona picha ilikufungukia kwenye dirisha lake pekee. Andreessen alitaka picha ikae katikati ya maneno, kama gazetini. Lakini sehemu ya pendekezo lake ambayo watu huisahau ni hii: alisema picha hiyo inaweza kuwekwa ndani ya kiungo, nayo ikiwekwa humo itabofyeka kama maneno ya kawaida. Tim Berners-Lee, mwenye wavuti wake, alijibu kwamba yeye alikuwa ameifikiria picha kama aina fulani ya kiungo. Walibishana kidogo, kisha Mosaic ikatoka na lebo ya Andreessen. Aliyetoa programu kwanza ndiye aliyeshinda, kama ilivyo ada katika kazi hii yetu!

Kwa hiyo picha na kiungo ni ndugu wa tumbo moja. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu kila mtandao wa picha uliokuja baadaye umetofautiana na mwenzake katika jambo moja: mteja akiibofya picha anapelekwa wapi, na ni nani anayeamua.

Wa kwanza kulitambua jambo hili walikuwa wauzaji wa eBay. Pierre Omidyar aliianzisha Septemba 1995, na inasimuliwa kuwa kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa tochi mbovu ya leza, kwa dola 14.83. Nani anunue tochi mbovu bila kuiona? Basi alipatikana mtu. Lakini wauzaji waligundua haraka kwamba mnada wenye picha unavuta macho kuliko usio nayo. Tatizo ni kwamba mwanzoni muuzaji alitakiwa kutafuta mwenyewe pa kuihifadhi picha yake, kisha abandike anwani yake ndani ya maelezo ya bidhaa. Bidhaa iko kwa huyu, picha iko kwa yule.

Hapo ndipo likajitokeza kundi la "mabohari ya picha". Lililojulikana zaidi lilikuwa Photobucket, la mwaka 2003. Unapakia picha bure, unapewa anwani, unaibandika eBay, MySpace au popote upendapo. Kwa miaka zaidi ya 10 wauzaji wadogo waliyaweka maduka yao juu ya anwani hizo. Halafu mwishoni mwa Juni 2017 Photobucket ikabadilisha masharti: anayetaka picha zake zionekane kwenye tovuti nyingine alipe dola 399.99 kwa mwaka. Asiyelipa, picha zake zikageuka kibandiko cha kumtaka alipe. Maelfu ya bidhaa kwenye eBay, Amazon na Etsy zikabaki na vibandiko pahali pa sura zao. Mwaka uliofuata kampuni ikaregeza kamba na kurudisha picha nyingi, lakini ukiwa muuzaji, miezi kadhaa bila picha ni miezi kadhaa bila chakula.

Flickr yenyewe sitakaa nayo sana. Ilitoka Vancouver mwaka 2004, mabaki ya mchezo wa kompyuta uliokuwa ukitengenezwa na Stewart Butterfield na Caterina Fake, na Yahoo ikainunua mwaka 2005. Ilitufundisha kuzipa picha lebo za maneno ili zitafutike. Lakini kanuni zake za miaka ile zilikataza biashara waziwazi: ukikutwa unauza, akaunti inafungwa. Angalau walisema mapema.

Sasa tufike kwa Pinterest, kwani hapa pana utamu. Ben Silbermann, aliyewahi kufanya kazi Google, alianza na mwenzake Paul Sciarra kwa programu ya iPhone iliyoitwa Tote, mwaka 2009. Tote ilikuwa katalogi: unatazama bidhaa za maduka mbalimbali na kununua papo hapo. Watu hawakununua. Kulipa kwa simu Marekani wakati ule kulikuwa adha tupu. (Hapa Mkenya ana ruhusa ya kutabasamu, maana M-Pesa ilikuwa imezinduliwa Machi 2007.) Lakini Silbermann aliona kitu: watu waliokataa kununua walikuwa wakikusanya picha za vitu walivyovipenda, wakijitumia ili waviangalie baadaye. Duka lilikufa, tabia ikabaki. Machi 2010, pamoja na Evan Sharp, wakatoa Pinterest, mahali pa kubandika picha kwenye ubao wako.

Ukiitazama kwa jicho la mtengenezaji programu, jambo la maana si ule mpangilio mzuri wa safu za picha ulioigwa na kila mtu. Jambo la maana ni kwamba kila pini inayobandikwa kutoka tovuti fulani huhifadhi anwani ya ukurasa ilikotolewa. Mtu wa Ohio akibandika picha ya kikapu chako, na mwenzake akaibandika tena kutoka kwake, na wa tatu kutoka kwa huyo, kiungo cha nyuma kinabaki kilekile. Picha inasafiri na barua yake ya utambulisho. Ndiyo maana wauzaji wa Etsy, soko la kazi za mikono lililoanzishwa Brooklyn mwaka 2005, walihamia humo kwa wingi.

Lakini penye kiungo pana pesa, na penye pesa hapakosi mtu wa kupenyeza mkono. Februari 2012 ilifichuka kwamba Pinterest, kupitia huduma ya Skimlinks, ilikuwa ikivibadilisha kimyakimya viungo vya pini zinazoelekea madukani ili ipate kamisheni. Haikuwa haramu. Watu walikasirika kwa sababu hawakuambiwa. Mwezi huohuo, baada ya wapiga picha kulalamika kwamba kazi zao zinabandikwa bila idhini, Pinterest ilitoa mstari mmoja wa msimbo wa kuzuia: tovuti yenye neno "nopin" kwenye metadata yake haibandikiki. Flickr ikawa miongoni mwa waliouweka kwa niaba ya wateja wao. Novemba 2012 zikaja akaunti za biashara, na mwaka 2013 zikaja pini zinazosoma bei na upatikanaji wa bidhaa moja kwa moja kutoka ukurasa wa muuzaji. Hizo nazipenda mno! Unaandika bei mahali pamoja, kwenye tovuti yako, ukiishusha pini inajua. Ukweli wa bidhaa unakaa kwa mwenye bidhaa.

Instagram ilichukua njia ya pili kabisa. Kevin Systrom na Mike Krieger waliitoa Oktoba 6, 2010, baada ya kuichinja programu yao ya awali, Burbn, na kubakiza picha tu. Aprili 2012 ikafika kwenye Android, na siku chache baadaye Facebook ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni moja, ikiwa na wafanyakazi 13. Kwa sisi wa huku ni ile Android iliyokuwa habari kubwa zaidi.

Na Instagram ilikata kiungo. Ukiandika anwani chini ya picha, inabaki maandishi mfu, haibofyeki. Kiungo hai kilikuwa kimoja tu, kwenye wasifu. Kulikuwa na sababu nzuri: matapeli wa viungo hawakupata pa kushika, na mtu alitazama picha kwa utulivu. Sababu ya pili haihitaji shahada kuiona: asiye na mlango wa kutokea hukaa ndani. Uhaba huo ukazaa biashara nzima. Mwaka 2016 vijana wa Melbourne walianzisha Linktree, ukurasa wa kukusanya viungo vyako vyote nyuma ya kile kimoja. Fikiria hilo, kampuni iliyojengwa juu ya kitu kilichokosekana kwa makusudi! Mwaka huohuo Instagram iliacha kupanga picha kwa kufuata muda ikaanza kuzipanga kwa algorithimu, na muuzaji aliyezoea kuonwa na wafuasi wake wote akaanza kuonwa na baadhi. Kiungo ndani ya Stori kilikuwa cha wakubwa, wenye wafuasi 10,000 na zaidi, hadi Oktoba 2021 walipofunguliwa wote. Viungo vitano kwenye wasifu vikaruhusiwa Aprili 2023. Zaidi ya miaka 12 kutoka kimoja hadi vitano.

Je, wauzaji wa Kenya walifanya nini katika miaka hiyo yote? Waliunda kiungo chao wenyewe: nambari ya simu. Tazama picha yoyote ya mtumba safi, viatu au keki za Nairobi. Nambari imechapwa juu ya picha yenyewe, bei iko inboksi (tabia ambayo siipendi hata kidogo, wekeni bei!), mazungumzo yanahamia WhatsApp, malipo yanaingia kwa Lipa na M-Pesa, ambayo ipo tangu 2013, na mzigo unapanda boda boda au matatu. Mzunguko huo wote hauhitaji mtu kubofya chochote. Zamani niliuona kama ushamba. Sasa nauona kama uhandisi wa watu waliopewa ukuta wakachora mlango.

Udhaifu wake ulionekana tarehe 4 Oktoba 2021, siku ya Jumatatu. Saa kumi na mbili na dakika 40 jioni, saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka kwa pamoja. Wahandisi walikuwa kwenye matengenezo ya njia kuu zinazounganisha vituo vyao vya data. Amri iliyokusudiwa kupima uwezo wa njia hizo ikazikata zote, na programu iliyotakiwa kuikagua amri hiyo ilikuwa na hitilafu, haikuizuia. Seva za DNS zilipoona haziwezi kuvifikia vituo vya data, zikaacha kutangaza njia zao kwa BGP, na majina hayo yakafutika kwenye ramani ya intaneti. Hadi karibu saa saba usiku hapakuwa na duka. Picha ziko kwa kampuni moja, mazungumzo yako kwa kampuni hiyohiyo, kwani WhatsApp ilinunuliwa na Facebook mwaka 2014. Simu ya kawaida na M-Pesa ziliendelea kufanya kazi usiku ule, lakini ni nani aliyekuwa ameandika nambari za wateja wake kwenye daftari?

Sasa nikiri jambo. Binamu yangu wa Mombasa anauza madera. Mwaka 2019 aliniomba nimtengenezee tovuti, nami kwa ujuaji wangu wa chuo nikamwambia, "Tovuti ya nini? Wateja wako wote wako kule kwenye picha." Aliniamini. Asubuhi moja mwaka 2022 aliamka akakuta akaunti yake kwenye mtandao mmoja wa picha, sitautaja, imefungwa. Wafuasi elfu kumi na kitu, picha za miaka mitano, maombi ya watu waliokuwa wakisubiri mzigo, vyote vimekwenda. Ujumbe wa mistari miwili, hakuna sababu ya kueleweka, hakuna wa kumpigia. Alikata rufaa mara tatu, kimya. Picha nyingi hakuwa na nakala zake, kwa sababu simu ilijaa akazifuta akijua ziko salama huko juu. Hakunilaumu. Alinipigia tu na kusema, "Kaka, ile tovuti bado unaweza?"

Nilimtengenezea kwa wikendi mbili. Kila dera lina ukurasa wake, picha yake na bei yake kwenye metadata, ili likibandikwa popote litambulike na kurudisha mtu nyumbani. Anazo akaunti mpya huko mitandaoni na anazitumia kila siku, lakini picha ya kwanza inapakiwa kwake, kisha huko. Nambari yake bado imechapwa pembeni mwa kila picha. Nilimshauri aiondoe kwa sababu inaharibu sura ya tovuti, akakataa. Mwezi uliopita mama mmoja wa Lamu alimpigia simu akitaka dera la samawati lenye maua meupe, la mtindo wa 2020. Picha yake alikuwa nayo kwenye simu, ilitumwa na dadake ambaye naye aliipata kwa jirani. Nambari ilikuwa palepale kwenye kona, inasomeka. Binamu yangu hakuwa na kitambaa kile tena. Alikwenda kukitafuta Biashara Street, akakipata.